Vipande 12 vya mfarishi havilingani na arubaini imekaribia, tufanye nini?

Swali (nimelifupisha kidogo): "Assalaam alaykum Bi Fundi. Sisi ni wanawake 12 hapa Wete, Pemba, tunashona pamoja kila Jumamosi mchana. Mwenzetu kajifungua tukakubaliana tumshonee mtoto mfarishi wa viraka vya kanga, kila mtu ashone kipande kimoja kwao, shubiri moja na nusu kila upande, halafu tuviunganishe. Kwenye grupu la wasap kila mmoja akituma picha ya chake na vyote vizuri mashaallah. Jumamosi tumevikusanya, havilingani hata viwili, kidogo kabisa kina sm 27 na kikubwa 31 na nusu, vingine pembe zimepinda, na cha bi mkubwa wetu mmoja nyuzi zinaachia. Wapo wanosema tuvirudishe vishonwe upya, wapo wanosema vibovu tuviache pembeni tununue blangeti dukani. Arubaini imebaki wiki mbili na nusu. Tutavinusuru vipi, na tusigombane?"

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah mwanangu, na huyo mtoto Mungu amkuze. Msirudishe kipande hata kimoja na wala msende dukani, kazi yenu inanusurika na wiki mbili na nusu zinatosha, ila kwa sasa acheni kutumiana picha mchukue futikamba.

Nikwambie kwanza kilotokea, maana nahisi hapo mshaanza kutafuta nani kaharibu na hakuna aloharibu. Mlipima kwa shubiri. Shubiri ya mwanamke mwenye mkono mdogo ni kama sm 18, mwenye vidole virefu 21, sasa zidisha mara moja na nusu, ya kwanza inatoka 27 na ya pili inatoka 31 na nusu. Ndo hizo hizo namba ulonambia! Kila mtu kashona sawasawa na alivoambiwa, tatizo ni kipimo kilikuwa viganja 12 tafauti. Shubiri ni nzuri ukishona peke yako kitu chako, ukishakuwa na mwenzako haifai.

Juu ya hapo ongeza mambo mengine madogo madogo. Wapo walokata kanga mpya bila kuifua, na kanga ya pamba ikifuliwa mara ya kwanza huweza kurudi asilimia 3 mpaka 5, yaani kipande cha sm 30 kinapungua karibu sm moja au moja na nusu, hapo mwenye kanga kuukuu na mwenye kanga ya dukani hawawezi kuwa sawa hata wangepima kwa rula moja. Halafu upana wa mshono. Tuseme kipande chako kina viraka vitatu kwa upana, yaani mishono miwili katikati. Ukishona milimita 2 ndani zaidi kuliko mwenzako, unakula milimita 2 kwenye kila kiraka, yaani 4 kwa mshono mmoja, 8 kwa kipande kizima, weka vipande sita kwenye mstari ushapoteza karibu sm 5 na hujafanya kosa lolote la kuonekana kwa macho. Na hizo pembe zilopinda naamini ni vile vilivyoshonwa kwa pembetatu, maana ukikata nguo kwa mshazari ule ukingo unavutika kama mpira, ukipiga pasi kwa kusugua ndo unauharibu kabisa, pasi kwenye viraka inawekwa ikainuliwa, haisuguliwi.

Sasa haya yote picha haionyeshi. Picha ya kipande kilichotandikwa kitandani kimepigwa kwa juu kila kimoja kitaonekana mraba, kila kimoja kitapewa mashaallah na maua, na mwenye nyuzi zinazoachia hatojua mpaka siku ya kukusanya. Mtu anaejua kununua kofia ya viua haangalii nje kwanza, huigeuza ndani aone nyuzi zimefungwaje. Basi kuanzia sasa mkionyeshana kazi kwenye hilo grupu lenu muwekeane sharti, picha mbili, ya mgongo na ya mbele yenye futikamba imelala juu yake, na muonyeshe kabla haijaisha wakati bado kufumua ni nyuzi tano tu. Kazi ikishamalizika mwenzio atakwambia nini, atakusifu tu basi.

Haya, dawa. Kila kipande kitiwe ukanda pande zote nne kama fremu, halafu vyote vikatwe saizi moja. Tafuteni poplini ya rangi moja iliyopoa, mita moja na nusu inatosha na kubakia. Bafta nyeupe nayo ingefaa kwa kitambaa lakini ndo nguo ya sanda, kuna wazee wataiona juu ya mtoto mchanga na watanuna, kwa hiyo chukueni manjano hafifu au kijani cha maji. Ifueni kwanza. Ikikauka msiikate kwa mkasi, poplini ukiichana inafuata uzi wake yenyewe, mnakata mdomo kidogo pembeni kila baada ya sm 6 kisha mnachana, mikanda inatoka imenyooka kuliko mkasi wa fundi yeyote.

Mshono wenu uwe sm 1, wote. Wazungu wenye kazi hii hushona robo inchi, ambayo ni kama milimita 6, lakini kanga kusuka kwake kumelegea, ukishona milimita 6 nyuzi zinafumuka pembeni baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Mnashona mikanda miwili ya pande zinazotazamana kwanza, pasi, halafu miwili ilobaki, pasi. Urefu wa mkanda usipime kwenye ukingo wa kipande, pima katikati yake, kwa sababu ukingo ushavutika na katikati haijavutika, halafu bana na pini ncha mbili na katikati, ile ziada ndogo igawanye kwa vidole kidogo kidogo huku unashona. Kwa njia hiyo kipande kilichopinda kinajirudi chenyewe.

Kisha chukueni boksi gumu mkate kigezo kimoja, kimoja tu, cha sm 34 kwa 34. Mnakiweka juu ya kila kipande, kile kipande cha kanga kikae katikati kwa macho, mnachora kwa chaki, mnakata. Kile cha sm 27 kitabaki na ukanda wa kuonekana kama sm 3 na nusu kila upande, kile cha 31 na nusu kitabaki na sm moja na kidogo, na vilopinda ukanda wake utakuwa mnene huku mwembamba kule, hakuna mgeni wa arubaini atakaekaa kuukagua. Mkiunganisha vitatu kwa upana na vinne kwa urefu mnapata mfarishi wa sm 98 kwa 130, saizi nzuri ya mtoto. Unganisheni vipande vitatu vitatu kuwa mstari kwanza, na mkipiga pasi mishono ya mstari wa kwanza ilale kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia tena, hapo mishono ikikutana inakaa bila ya kufanya nundu.

Sasa hili la bi mkubwa. Msikiache kipande chake, na wala msikifumue kwa siri usiku mkakishona upya mkajifanya ndo kile kile, atajua, mwanamke alokwisha shika sindano miaka hamsini anaijua bandi yake, yaani mshono wa mkono wake. Mwendee nyumbani wewe au yule anaemkaribia zaidi, mwambie bi mkubwa nataka niongeze uzi hapa nyuma mfarishi uhimili kufuliwa, ukipata ruhusa pitisha bandi ya pili pembeni ya ile yake kwa uzi wa rangi ile ile na yake iache pale pale. Na mkipanga vipande, chake kiwe moja ya vile viwili vya katikati, na hii si heshima tu, mfarishi huvutwa na kuburutwa kwa pembe na kingo, katikati ndo pametulia, kwa hiyo popote palipo na mshono dhaifu peleka katikati na vyenye mshono mgumu viwe pembeni. Kwa jumla sheria ya kikundi ningeifanya hivi, kipande cha mtu hakiguswi na sindano ya mtu mwingine bila mwenyewe kuambiwa. Vikundi vingi vya kushona vinavunjika kwa hilo, watu wanasema ni pesa, mi sikubali.

Kabla hamjaunganisha geuzeni vipande vyote mviangalie mambo mawili. Moja, ushanga, vifungo, vipande vya vioo, kama kuna aloshonea chochote kama hicho kitolewe, mtoto akifika miezi sita kila kitu kinakwenda mdomoni. La pili majina ya kanga. Mtu anakata kanga anatafuta ua zuri, hasomi, halafu kiraka kinatoka na nusu ya jina. Unaweza ukakuta HASIDI HANA SABABU imekatwa, imebaki HASIDI peke yake kwa herufi kubwa kichwani kwa mtoto wa watu 😅 someni kila kiraka jamani, na mkikuta neno la kuchoma lifunikeni kwa kiraka kingine juu yake.

Kwa ndani na mgongo msinunue kitu. Tafuteni doti moja ya kanga kuukuu iliyolainika, bora iwe ya mama mzazi mwenyewe au ya bibi yake mtoto, muombeni. Kanga moja ina karibu sm 110 kwa 150, na mfarishi wenu ni 98 kwa 130, kwa hiyo kanga moja inakuwa mgongo na ya pili inakaa katikati, doti nzima imetumika (pimeni lakini, kanga za siku hizi nyingine zimepunjwa). Nawajua watu wa Pemba mtataka kutia usufi, naomba msitie. Usufi ni wa mito na magodoro, kwenye mfarishi wa kufuliwa kila siku kwa mkojo wa mtoto unajikusanya kwenye pembe unabaki madonge, na mvua za masika zikishika kitu kinene hakikauki kinaota ukungu. Joto letu hili kanga tatu zinatosha.

Tandikeni sakafuni kwenye saruji au marumaru, si juu ya mkeka maana mtashona na ukindu. Kanga ya mgongo iwe chini, uso wake uangalie sakafu, kanga ya kati juu yake, mfarishi juu, nyoosheni kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Pigeni bandi ndefu ndefu za kushikiza kutoka katikati kwenda kwenye kingo, kila mstari uwe mbali na mwenziwe kiasi cha kiganja, hizi zitafumuliwa baadae kwa hiyo tumieni uzi wa rangi inayopiga kelele muione. Halafu ndo bandi yenyewe, ndogo ndogo, inayopita nguo zote tatu, anzeni katikati kila mara, mkianza pembeni kitambaa kinasukumana na mtamaliza na tumbo katikati ambalo haliondoki kwa pasi wala kwa dua. Uzi mmoja usizidi urefu wa kutoka kidoleni mpaka kwenye kiwiko, mwenye haraka anatunga uzi mrefu halafu anatumia robo saa kufungua mafundo. Na mvae subana, nguo tatu pamoja na mishono ni ngumu, kidole cha kati kitatoboka. Watu 12 hawawezi kuuzunguka kwa pamoja, kaeni wanne wanne kwa zamu, wengine wapike chai.

Kuna njia nyingine kabisa na naitaja kwa sababu mnaweza kuipenda kwa kazi ijayo, hii haitaki vipande kulingana tokea mwanzo. Huko Karnataka, India, kuna watu wanaitwa Siddi, asili yao Afrika, wazee wao walivuka bahari hii hii ya Hindi miaka mingi nyuma, wengine utumwani wengine ubaharia na uaskari. Wanawake wao wanashona mifarishi ya viraka vya nguo kuukuu inaitwa kawandi. Hawashoni kipande kipande halafu wakaunganisha. Wanatandika nguo ya mgongo, wanaanza kwenye pembe moja, wanakunja ukingo wa kiraka ulingane na ukingo wa mgongo, wanapiga bandi, wanafuatisha kiraka kingine, wanauzunguka ukingo wote, kisha duru ya pili ndani yake, kila kiraka kipya kinafunika ncha mbichi ya kile cha nyuma, wanazunguka hivo hivo mpaka wanakutana katikati. Kuunganisha, kushikiza na kumalizia kingo vyote vimefanyika kwa mpigo mmoja wa sindano, na kiraka kikiwa kikubwa kinafichwa, kikiwa kidogo kinaongezewa. Mwisho wanatia kwenye kila pembe kiraka kidogo kilichokunjwa kunjwa pembetatu, wanaita phula, kwao mfarishi usokuwa na phula unahesabika uchi. Kwa kikundi chenu ambacho kila mtu anakuja na mabaki ya kanga za saizi yake hiyo ni kazi ya kukaa pamoja Jumamosi, haigawiki kupeleka majumbani, na hapo ndo tafauti yake.

Maana kazi ya kugawana majumbani sharti lake ni kipimo kimoja kisichobishaniwa. Mfano mkubwa ni ule mfarishi wa kumbukumbu ya walofariki kwa ukimwi ulioanzishwa San Francisco mwaka 1987, jamaa na marafiki wa kila marehemu walishona kipande chake kwa kitambaa chochote na rangi yoyote na uwezo wowote, wengine hawajapata kushika sindano, lakini saizi ni futi 3 kwa 6 basi, vinane vinaunganishwa kuwa mraba wa futi 12. Vipo maelfu na maelfu na vinakaa pamoja. Kwa hiyo mara ijayo mkitaka kugawana, mtu mmoja akate vigezo 12 vya boksi kutoka kwenye kigezo kimoja cha mama (si kigezo cha pili kutoka kwenye cha kwanza na cha tatu kutoka kwenye cha pili, hapo kila kimoja kinaongezeka unene wa penseli), kila mtu apewe chake pamoja na uzi wa aina moja, na kanga zote zifuliwe mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi zioneeni mashaka khasa, sugueni kwa kitambaa cheupe kilichoroa mtaona. Chumvi na siki watu wanaroweka tangu enzi lakini rangi ya kanga haifungi kwa hivo, msitegemee, inayochuja itachuja.

Kumalizia kingo: kanga ya kati kateni ilingane na mfarishi, ya mgongo iacheni izidi sm 4 pande zote, kunjeni sm 2 halafu sm 2 tena ije mbele juu ya mfarishi, bandi ya kujificha, basi hamna haja ya ukanda mwengine. Jumamosi hii mikanda na kukata, ijayo kuunganisha na kuanza bandi, siku za kati wanne wanne baada ya alasiri, Jumamosi ya tatu kingo.

Mkimpa mama mwambieni ni wa kutandika, mtoto alazwe juu yake chini akichezeshwa au apakatwe nao, lakini asifunikwe nao usiku akilala, wataalamu wa watoto wanashauri aliye chini ya mwaka mmoja asilale na mfarishi wala blangeti lililolegea, huweza kumziba pumzi. Ufueni na kuuanika kabla hamjaupeleka. Na hesabuni pini, mlizoanza nazo na mlizomaliza nazo, zikipungua moja msikubali mtu aseme itakuwa imeanguka. Piteni na sumaku ya spika mbovu juu ya mfarishi wote, mbele na nyuma, polepole, pini ya chuma ikiwepo itajivuta.